Kaka Yangu, Mwalimu Masharti

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshonaji. Tulizaliwa wawili tu; mimi ndiye kitinda mimba. Nimeombwa nisome wasifu wake, basi nasoma.

Alianza shule mwaka 1958. Hesabu aliziweza mapema. Kamba za viatu hakuziweza hadi uzee. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1981, akawafundisha hisabati ya juu wanafunzi wa uzamili wa uhandisi na fizikia kwa miaka thelathini na mitano. Walimwita Mwalimu Masharti. Ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza, "Kwa masharti gani?"

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982. Alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, akaanza, "Kwa masha..." Shemeji akamkanyaga mguu. Akakubali.

Hili halimo kwenye ratiba mliyoshika. Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi wake. Swali la tano la mtihani lilisema: ufito wa chuma unazalisha joto ndani, ubavu na ncha zote mbili vimezibwa joto lisitoke, tafuta kiwango cha joto kitakapotulia. Nikaandika, "Halina jibu. Joto halitatulia, litazidi kupanda." Akanipa sifuri, na kwa wino mwekundu: "Usinifundishe kazi." Nikafeli kwa alama tatu, nikaacha chuo, nikawa fundi wa pampu. Watu waliniambia kuteleza si kuanguka. Mimi nilianguka.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, 2023. Wodini alikuwa akipitia mitihani yake ya zamani, atengeneze kitabu. Jumatano, tarehe 11 Oktoba, aliniita.

"Mdogo wangu, lile swali la tano, nilisahau kuandika kwamba ncha moja iko wazi. Wewe ndiye uliyepata. Nisamehe."

Maneno hayo nimeyangoja miaka thelathini na minne. Nikamjibu, "Pumzika kwanza, kaka. Tutaongea." Nilitaka na yeye angoje kidogo.

Alifariki Jumamosi, tarehe 14, saa nne asubuhi. Mimi sijalia bado. Watu wakija wanalia, nawatafutia viti.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake aliyeombwa msamaha akasema, "Tutaongea."

Kaka, Jumatano ile nilikuwa nimeshakusamehe. Nilikunyima neno tu. Lala kwa amani.