Kufuli, Kocha Aliyeridhika na Sare

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nimeombwa kuyasoma haya kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, na pia ni katibu wa klabu yetu ya mpira. Sijalia bado. Mnisamehe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, akahitimu kama fundi bomba mwaka 1980. Alicheza beki. Mwalimu alimwandikia kwenye ripoti, "Hana mbwembwe," na mama akaitunza ripoti ile kama cheti.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1987. Shemeji hajaisahau kamba yake ya kuanikia nguo. Marehemu, alipoanza kufundisha timu ya mtaa, aliichukua akawafunga nayo mabeki wanne viunoni, wazoee kusogea pamoja.

"Baba Mapacha, nguo nizianike shingoni mwako?"

"Anika kesho, mke wangu. Leo tunazuia."

Februari mwaka huu klabu yetu ilikuwa ya mwisho kwenye ligi, zimebaki mechi tisa. Kamati ilikutana kwenye chumba cha vifaa kujadili kama Kufuli atatufaa kuwa kocha. Nilisema yeye hatufai, kwake tutashuka daraja huku mashabiki wamesinzia. Mwenyekiti akasema, "Jamani, tunazama, nanyi mnachagua rangi ya boya?" Tukapiga kura za siri. Alipita kwa kura moja. Jioni akaniuliza, "Mdogo wangu, yako ulinipa?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwongopea.

Mashabiki walimzomea kwamba anapaki basi, timu nzima imejazana golini kwake. Akawajibu, "Basi likipaki, abiria wako salama." Katika mechi nane alishinda mbili, kila moja kwa bao moja, akatoka sare tano, akafungwa moja. Ikabaki mechi moja, tukihitaji pointi moja.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho tarehe 3 Aprili, akaendelea na mazoezi hadi alipolazwa tarehe 11 Mei. Jumatano iliyopita nilikaa kando ya kitanda chake, nimejiandaa kumwambia ukweli. Akaniuliza kama beki wa kushoto amepona goti. Nikasema amepona. Lile jingine nikaliacha, nikamwekea mto vizuri. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 22 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Juzi Jumamosi vijana walicheza na vitambaa vyeusi mkononi. Hakuna aliyefunga, na klabu imebaki ligini. Watu waliruka, wengine walilia. Mimi nilijaza fomu ya matokeo, nikarudisha kalamu mfukoni. Sikuhisi chochote, wala furaha wala uchungu.

Marehemu ameacha mjane, mapacha wake, wajukuu watatu, dada watatu, na mdogo wake huyu aliyemnyima kura.

Kaka, ulitufaa. Lala kwa amani.