Kufuli la Fundi

Tunayemsindikiza leo, mume, baba na kaka yetu, mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Kufuli. Lilianza kama dhihaka, yeye akaligeuza kuwa heshima. Familia inaomba aondoke nalo likiwa safi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa baba mtunza stoo na mama mshonaji. Mama yake husimulia kwamba akiwa bado mdogo aliifungua redio ya nyumbani, akazipanga skrubu juu ya kitambaa, kisha akairudisha ikiimba. Mjomba aliyejaribu kabla yake aliirudisha ikikoroma.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1986. Vijana wengi wa rika lake walijifunza umeme kwa kumshikia fundi ngazi na kukisia yaliyobaki. Yeye alichagua chuo cha ufundi, na ili akimudu alibeba mizigo sokoni alfajiri kabla ya masomo. Mwaka wake wa pili, rafiki yake wa karibu alikuwa juu ya ngazi akiunga waya, na mtu aliyetaka mwanga akawasha swichi kuu kule chini. Rafiki yake hakushuka akiwa hai. Marehemu hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini alipohitimu, tarehe 2 Desemba 1989, na kwenda dukani na wenzake kununua vifaa vya kuanzia kazi, wao walikimbilia drili. Yeye alichukua testa, koleo lenye mpini wa mpira mzito, bisibisi na kufuli la shaba.

"Sasa wewe ni fundi umeme au mlinzi wa ghala?" wakamcheka.

"Drili nitaazima kwenu," alijibu. "Roho nitaazima kwa nani?"

Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda ngazi alizima swichi kuu, akakifunga kisanduku cha swichi hiyo kwa kufuli lile, na ufunguo akautia mfuko wa shati. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufungua. Alipofungua karakana yake, aliyekuja kujifunza kazi aliulizwa kwanza, "Kufuli lako liko wapi?"

Mwaka 1994 alikuja kubadilisha nyaya katika nyumba za walimu. Mwalimu mmoja kijana alikuwa na kikao na gauni halijapigwa pasi.

"Fundi, nipe ufunguo, dakika moja tu."

"Mwalimu, hiyo dakika moja ndiyo siitoi."

"Kwa hiyo niende kikaoni nimekunjamana?"

"Nenda tu. Kwa uso huo, nani atalitazama gauni?"

Alikwenda amenuna, akarudi anacheka. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1995, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Daktari akamwambia aachane na ngazi. Aliahidi, kama alivyoahidi kuacha sukari. Jumamosi iliyopita alitoka asubuhi kwenda kumalizia nyumba ya jirani, mama muuza vitambaa. Alikutwa chini ya ngazi, koleo mkononi. Mayowe yakapigwa, "Umeme umemuua!" na maneno yakafika mtaani kabla yeye hajafikishwa hospitali: fundi mzima, amekufa kizembe.

Daktari alithibitisha kwamba ni moyo uliosimama, na hakuna palipoungua. Maneno hayakukoma. Ndipo jioni ya Jumapili yule mama muuza vitambaa alipokuja kwa mjane.

"Dada yangu, nisamehe. Kwangu giza tangu jana. Mafundi wamekuja, wamegoma kulikata lile kufuli. Wanasema mwenyewe hajafungua."

Mjane alikuwa amekabidhiwa shati hospitali, na ufunguo ulikuwa mfukoni. Alikwenda nao, na baadhi ya waliosema wakamfuata. Waliona kwa macho yao: swichi imezimwa, kufuli limefungwa. Ufunguo ulikataa, kisha ukakubali. Alipowasha, nyumba nzima iling'aa, isipokuwa chumba kimoja. Ngazi ilikuwa bado imesimama humo.

Ameacha mama yake mzazi, dada yake mkubwa, mjane wake, wana wawili wa kiume, wajukuu wawili, na binti yake, mtoto wake wa kwanza, ambaye naye ni fundi umeme. Yeye ndiye atakayekimalizia kile chumba, kwa kufuli lake mwenyewe.

Mungu ampumzishe kwa amani Fundi Kufuli. Swichi imezimwa, Fundi, na ufunguo anao mkeo.