Mwalimu Ma Alipompandisha Nywele Mama Gyuho

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Baridi ya mwaka huu imechukua wengi, na sauti inayowasomea majina ya marehemu kila wiki nayo inachoka. Lakini tukae. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu.

Jina lake Ma Hyeongtaek. Mwalimu Ma. Alifundisha gofu hapa mjini Gunsan, kwenye ule uwanja wa mazoezi wenye ghorofa na nyavu za kijani nyuma ya soko la samaki. Mabingwa hakuwafundisha. Alifundisha wanaoanza, wale ambao fimbo ikiwa mkononi hawajui kama ni ya kupigia au ya kufukuzia mbwa. Mwalimu Ma, mwalimu wa wanaoanza. Amefariki mwezi wa Januari. Mapafu yalimshinda.

Kama uliwahi kupita mikononi mwake, unakumbuka siku ya kwanza. Anakupa fimbo ya chuma, namba saba. Anakusimamisha, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, makalio nyuma kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda akaghairi. Kisha anakwambia: peleka fimbo nyuma mpaka usawa wa goti, irudishe mbele mpaka usawa wa goti. Basi. Tok, tak. Kama saa ya ukutani. Kesho tena, tok, tak. Wiki ijayo tok, tak. Watu wazima wenye vyeo vyao walisimama pale mwezi mzima wakifanya tok-tak mpaka wakajiona wajinga.

Mwanafunzi wake mmoja, Tak Inbeom, naibu meneja wa ghala la mbolea, alijaribu kumharakisha.

"Mwalimu, bosi wangu ananisubiri uwanjani mwezi ujao."

"Vizuri. Mwambie bosi aje naye afanye tok-tak."

Wacheza gofu wa hapa husema kutoa nguvu mikononi ni kazi ya miaka mitatu. Mwalimu Ma aliliamini neno hilo kuliko daktari anavyoamini dawa. Alikuwa akipita nyuma ya wanafunzi, anagonga viganja vyao kwa kijiti. "Umeshika kifaranga hicho. Ukibana anakufa. Ukilegeza anakimbia. Usibane." Na tena: "Mikono haianzi. Kiuno kinaanza, mikono inafuata. Uliona wapi kitasa kinauzungusha mlango? Bawaba ndiyo inayozunguka, kitasa kinabebwa tu."

Sasa, sote tunaujua mtindo wetu. Siku mtu anapotoka kwenye nyavu kwa mara ya kwanza, akakanyaga uwanja wenyewe, ule wa mashimo kumi na nane, tunasema amepandishwa nywele, kama bi harusi wa zamani aliyefungwa nywele juu siku ya kuolewa. Na aliyempeleka ndiye aliyempandisha. Jina hilo halifutiki. Utamkuta mzee hana jino hata moja, bado anakwambia: "Mimi alinipandisha shemeji yangu, Mungu amrehemu."

Wanafunzi wa Mwalimu Ma walipandishwa nywele na mabosi, na wakwe, na majirani. Yeye mwenyewe hakumpandisha mtu. Narudia hapo, wasikilizaji wapendwa: miaka yote ile ya kufundisha, hakumpandisha mtu hata mmoja. Ukimuuliza atakwambia, "Bado. Mbembeo wake, anavyoizungusha fimbo, haujaiva." Watu walichoka kungoja kuiva. Wakatoroka, wakapelekwa na wengine.

Mke wake aliyaona yote hayo kutoka kwenye kaunta. Cheon Boksil, lakini nani anamwita hivyo? Mama Gyuho. Ndiye aliyewapikia watu tambi za chaza na kuwamiminia chai ya shayiri, ndiye aliyeokota mipira jioni. Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo aliishi ndani ya gofu, na fimbo hakuwahi kuishika ila kuifuta vumbi.

Majira ya kuchipua ya mwaka jana walikwenda hospitali mjini Jeonju. Daktari akasema mapafu ya mzee yanakauka, na yakishakauka hayarudi. Wakarudi nyumbani. Mama Gyuho akaanza kukata figili. Akakata, akakata, halafu akasema bila kuinua macho:

"Baba Gyuho, nifundishe gofu."

"Siku hizi unalewa mchana?"

"Wanawake wote wa mji huu umeshika viwiko vyao ukavinyoosha. Mimi umeniachia masufuria."

"Una miaka sitini na tatu wewe."

"Na wewe una mapafu mabovu. Tunalingana."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Asubuhi yake alimwekea namba saba juu ya kaunta, kando ya bakuli za kabichi ya kimchi.

Haikuwa kazi rahisi. Mikono ya Mama Gyuho ilikuwa imebeba makreti ya samaki tangu usichana. Aliishika fimbo kama ameshika koo la mwizi. Halafu alikuwa na ugonjwa wa wanaoanza wote, kuinua kichwa. Hata mpira hajaugusa, macho yameshakwenda kuutafuta mbele. Mzee akakilaza kijiti chake juu ya kofia ya mkewe, taratibu, akakiacha hapo. "Kikianguka, umeinua." Kikaanguka. "Kimeanguka." "Ni upepo." "Tuko ndani, Mama Gyuho."

Naibu Tak, yule wa mbolea, alikuwa anapigia kando yao. Hakuacha kuchokoza.

"Mama, huo mpira umekukosea nini?"

"Nyamaza wewe. Miaka mitano uko hapa, na mipira yako bado inapinda kulia kwenda kumsalimia jirani."

Kiangazi kikapita hivyo. Fimbo ikapanda kutoka gotini mpaka kiunoni, kutoka kiunoni mpaka begani. Yeye akipanda, mzee anashuka. Mwanzoni alimfundisha amesimama. Kisha ameegemea nguzo. Kisha kwenye kiti. Ilipofika vuli hakuwa na pumzi ya kusema maneno mengi, akawa anagonga sakafu kwa kijiti. Mara moja: kichwa. Mara mbili: polepole.

Na kila Mama Gyuho alipouliza, "Utanipeleka lini?" jibu lilikuwa lile lile. Bado. Haujaiva.

Siku moja ya Novemba jipu likapasuka.

"Baba Gyuho, nisikilize. Mimi sina bosi wa kunipeleka. Sina shemeji. Usiponipeleka wewe, sipelekwi."

"Mbembeo wako bado."

"Wangu bado. Na wewe umebakiza bado ngapi?"

Naibu Tak anasema hata ghorofa ya juu watu waliacha kupiga. Mama Gyuho akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaenda zake kwa mdogo wake, mjini Iksan.

Sasa hapo ndipo pa kufikiria. Mzee alikuwa ameshika kanuni aliyoishika maisha yake yote, na kanuni ilikuwa njema. Mtu hapelekwi uwanjani kuaibika. Lakini kanuni ile ilitengenezwa kwa watu wenye kesho nyingi. Akakaa na kanuni yake siku kadhaa, akajipikia tambi, akaunguza sufuria.

Mdogo mtu, Cheon Boknyeo, ametusimulia yaliyofuata. "Nilisikia mlango. Nafungua, shemeji huyo, ameshika ukuta, anahema kama kondoo. Mkononi ana mfuko wa peasi. Nikasema, shemeji, ingia ukae. Hakuingia. Akasema, mwambie dada yako atafute viatu vyenye meno. Jumanne tunatoka. Nikamuuliza, umeiva huo mbembeo wake? Akasema, haujaiva."

Jumanne hiyo ilikuwa ya mwisho wa Novemba. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Naibu Tak aliwaendesha kwa gari lake, akacheza nao. Msichana wa kuongoza kundi, kedi, aliwapakia kwenye kigari, akamfunika mzee blanketi mpaka kidevuni.

Shimo la kwanza. Nyuma yao kundi lingine limesimama linaangalia, wanaume wanne wenye kofia mpya. Mama Gyuho akaweka mpira. Akainua fimbo, akaishusha kwa nguvu zake zote za makreti. Akapiga hewa. Mpira ulibaki pale pale unamtazama.

Mzee akateremka kwenye kigari. Akaja polepole, akamshika kiwiko.

"Hiyo ilikuwa ya upepo," akamwambia. "Sasa ya mpira. Nguvu iache."

Pigo la pili, mpira ukabingirika mpaka kwenye magugu. "Umetembea!" akapiga kelele Naibu Tak. Kedi akapiga makofi. Mzee naye alipiga, ndani ya blanketi.

Wakaenda hivyo, shimo hadi shimo. Mpira mmoja mtoni. Mwingine mchangani, akaukung'uta mara kadhaa kama anapepeta mchele. Kila alipokosea mzee alisema neno moja tu. Kichwa. Kiuno. Polepole. Baada ya shimo la tisa kuna kibanda cha kupumzikia, wanauza supu ya moto. Mzee alikunywa nusu bakuli. Wenzake wakasimama kuondoka. Yeye akajaribu kusimama, akakaa. Akajaribu tena, akakaa.

Kedi akainama. "Baba, turudi sote? Uwanja haukimbii."

"Turudi," akasema Mama Gyuho haraka. "Tutakuja tena maua yakitoka."

Kedi akatazama viatu vyake.

"Nenda," mzee akasema. "Nimekupandisha nusu. Nusu iliyobaki utanisimulia."

"Na nikiinua kichwa, nani ataniambia?"

"Wewe simulia tu. Nitakiona."

Akaenda. Naibu Tak anasema: "La kumi alilia, la kumi na moja alilia. La kumi na mbili akaanza kuutukana mpira, nikajua sasa anacheza." Walimaliza mashimo yote. Waliporudi, mzee alikuwa amelala kwenye kiti kando ya jiko, mdomo wazi. Hawakumwamsha.

Wasikilizaji wapendwa, hakurudi tena kwenye nyavu. Kitanda kikamchukua, na mrija wa hewa puani. Kila alasiri Mama Gyuho alikaa kando yake, akamsimulia. Shimo la kumi. Alisimama wapi, upepo ulitoka wapi, mpira ulikaaje kwenye nyasi. Mzee amefumba macho.

"Halafu nikapiga, ukaenda kushoto."

"Uliinua kichwa."

"Sikuinua!"

"Uliinua. Rudi nyuma. Miguu ilikuwaje?"

Shimo moja lilichukua siku nyingi, maana mzee hakukubali kuvuka pigo mpaka alione. Siku nyingine alikuwa na pumzi ya swali moja tu. Siku nyingine hana hata hilo, anagonga shuka kwa kidole. Mara mbili: polepole. Boknyeo, aliyekuja kumsaidia dada yake, anasema: "Mimi nilidhani wanagombana. Nikamwambia dada, mwache mgonjwa alale. Akaniambia, halali huyu, yuko uwanjani."

Desemba ikaisha wakiwa shimo la kumi na tano. Wakahamia hospitali. La kumi na sita. Januari, theluji ikianguka, alimsimulia la kumi na saba, pale alipopiga vizuri, mpira ukapaa sawasawa. Mzee alifumbua macho. "Hapo hukubana," akasema. Mama Gyuho akataka kuendelea na la mwisho. Mzee akamwambia, "La mwisho liache. Nimechoka. Kesho."

Alfajiri akafariki.

Kwenye maziko wanafunzi wake walijaa ukumbi wa msiba, wakainama mbele ya picha, wakakaa kwenye supu ya nyama kama desturi. Mmoja wao, wa miaka ya nyuma, hajui habari, akamuuliza mjane swali lile ambalo wacheza gofu huulizana: "Mama, kumbe nawe unacheza? Alikupandisha nani?"

Mama Gyuho akaonyesha picha kwa kidevu. "Yule. Na hakumpandisha mwingine."

Tunatoa pole kwa Mama Gyuho. Tunatoa pole kwa kijana wao, Gyuho, aliyeko Ulsan, na mkewe na watoto. Pole kwa Boknyeo wa Iksan, pole kwa Naibu Tak, na kwa wote mliofanya tok-tak mbele ya mzee yule mkamkasirikia. Hatuna maneno makubwa ya kuwapa. Tumechoka pamoja nanyi.

Na wewe unayesikiliza, labda unaosha vyombo, labda umelala na redio kifuani. Kuna mtu nyumbani kwako unamwambia bado. Huenda una sababu, na sababu yako ni njema. Mtazame tu leo. Tazama anavyopanda ngazi. Tazama na wewe unavyopanda. Kisha uamue.

Tulimwomba Mama Gyuho atusimulie shimo la kumi na nane, ili tulitangaze hapa, liwe mwisho mzuri wa kipindi. Alitumiminia chai ya shayiri. Akasema hapana. "Mzee mwenyewe hajalisikia."

Basi nasi, wasikilizaji wapendwa, tunaishia la kumi na saba.