Uso wa Levina Tomatkai

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu zetu wa upande wa Isimel mliovuka maji kutoka Lae, wanamuziki, majirani wa Matupit na ninyi nyote mnaopigwa jua kwa sababu turubai halikutosha, ukoo wa mama yake Levina umenituma mimi, Ruti, binti wa mdogo wake Levina, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo tangu juzi baadhi yenu mmekuwa mkinivuta pembeni na kuniomba niyaruke.

Ugomvi wa wiki hii mnaujua, wala hauna haja ya kunong'onwa kwenye msiba wa mtu ambaye maisha yake yote hakunong'ona. Kampuni ya kurekodi imetuma picha kubwa yenye fremu ya dhahabu, ya mwaka 1989, ikitaka tumzike Levina kwa uso ule, na ndani ya familia wapo waliosema sawa, uso ule ni mzuri na unajulikana. Kwa hiyo katika kusoma kwangu nitazifuata nyuso zake, mmoja baada ya mwingine, mpate kujua upi ulikuwa wake.

Levina Tomatkai alizaliwa tarehe 11 Machi 1966 hapa hapa Matupit, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Tomatkai, aliyekuwa akichimba mayai ya ndege kwenye mchanga wa moto chini ya volkano, na Bi IaPitar, mkulima wa taro na mwimbishaji wa kwaya ya kanisa, na inasemekana alipolia mara ya kwanza mbwa wa ng'ambo walimjibu. Alikua kama watoto wote wa hapa, akijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na alipofika umri wa kupewa tambuu akapewa, popoo na chokaa, meno yakawa mekundu kama ya mama yake na ya bibi yake, wala hakuna aliyeona ajabu.

Alisoma shule ya msingi hapa kisiwani kuanzia mwaka 1973, kisha mwaka 1979 akaenda sekondari ya wasichana upande wa Kokopo, na huko ndiko alikoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mdomo wake ni aibu, kwani mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya shule nzima akamsugua meno kwa ndimu na mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Jumapili ya Pasaka kwaya ya shule iliposimama kuimba mbele ya wageni, Levina, aliyekuwa akiibeba sauti ya kwanza peke yake, alisimama amefumba mdomo kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kwaya ikayumba kama mlevi, na alipoitwa ofisini kujieleza alijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, ulisema mdomo wangu unaiaibisha shule. Basi nimeuondoa." Walimrudisha nyumbani wiki mbili, mama yake akampikia samaki kwa tui la nazi, na jambo likaishia hapo.

Alimaliza masomo mwaka 1982, akaajiriwa kuuza vitambaa katika duka mjini Rabaul, na mwaka 1985, ardhi ilipokuwa ikitutikisa kila wiki na serikali ikitufundisha njia za kukimbilia, alijiunga na vijana wanne waliokuwa wakipiga muziki wa roki nyuma ya gereji, bendi wakaiita Guria, yaani tetemeko, na mpiga gitaa la besi alikuwa Isimel Gawi, kijana mpole wa Lae, ambaye wazee walimwonya kwamba yule binti atamla mzimamzima. Hakuliwa, yuko pale mbele.

Mwaka 1989 kampuni ya kurekodi iliwachukua Port Moresby kutengeneza video ya wimbo wao "Nirudishie Mvua", na hapa nisimtetee, kwa sababu mwenyewe hakujitetea. Mwongozaji, mgeni kutoka ng'ambo, alisema mdomo ule kwenye kamera unafanana na wa mtu aliyetoka kumng'ata mwenzake, basi wakamvalisha wigi lililonyooka, wakampaka poda mpaka akafanana na mkate usioiva, wakamwagiza aimbe midomo ikiachana kidogo tu, kama mtu anayepuliza chai, naye alikubali, alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alitaka wimbo ufike mbali. Ulifika. Ulipigwa nchi nzima, kuanzia Moresby hadi Buka, na siku televisheni ilipouonyesha kisiwa kizima tulijazana dukani kwa Mzee ToLamit, jenereta linanguruma nje, mwenyewe Levina kaketi sakafuni ubavuni mwa mama yake akisubiri kusifiwa, mama akatazama, akageuza shingo huku, akageuza kule, akauliza, "Huyu ni nani?" Watu wakamwambia ni binti yako, mama, huoni, naye akasema, "Mimi mtoto wangu ana mdomo," akajifunga kanga yake kiunoni akaenda zake kabla wimbo haujaisha. Levina alisema baadaye kwamba amewahi kuzomewa na maelfu uwanjani, na wote kwa pamoja hawakufikia ule mgongo wa mama yake ukitoka mlangoni.

Alifunga ndoa na Isimel tarehe 15 Desemba 1990 katika kanisa hili hili, akiwa na maua ya msitu kichwani na meno yake mekundu yote nje, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lote aliyezaliwa mwaka 1991 na Wesli aliyezaliwa mwaka 1993. Picha ya harusi ile ndiyo pekee aliyoitundika ukutani kwake, zile za kampuni alifungia mayai.

Uso wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa maana wa kwanza ulikuwa wa bandia tu, huu ulikuwa wa watu. Mwaka 1992 kampuni ilisema sasa wageni wanataka asili, ikamvalisha taji la manyoya marefu na rangi za usoni za watu wa milimani, sisi watu wa pwani ambao hata baridi yao hatuijui, akaimba hivyo juu ya jiwe, na wote tunaofahamu pambo ni la nani na huvaliwa lini tuliona haya mpaka miguuni. Nguo ya kuazima haisitiri, mnajua haisitiri nini. Kampuni ikasema ni sanaa, achana nao, lakini Levina alipanda ndege kwenda Hagen, huko milimani, na nguruwe wa kuombea radhi na mumewe na mtoto mgongoni, akaketi chini mbele ya wenye manyoya yao, na mzee wao akamwambia, "Babu yangu manyoya haya aliyavaa alipokwenda kuomba amani. Wewe binti yangu uliyavaa ukienda wapi?" Akajibu, "Nilikuwa naenda kwenye televisheni, baba." Walicheka mpaka wakafuta machozi, nguruwe akaliwa, wakasameheana, ila yeye hakucheka, na njiani kurudi alimwambia Isimel kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayemshika kidevu kumwelekeza atazame wapi.

Tarehe 19 Septemba 1994 volkano zote mbili zililipuka, hayo hamhitaji kusomewa, kila mmoja wenu ana nyumba yake chini ya majivu, na mwezi Novemba watu walipokuwa bado kwenye kambi za mahema, Levina alirudi Rabaul na bendi yake na kijana mmoja mwenye kamera ya harusi, wakapanda juu ya paa la duka alilokuwa akiuza vitambaa, maana paa ndilo lililokuwa limebaki, akaimba "Hatuhami" bila wigi, bila poda, bila manyoya, jivu likimwangukia kichwani na mabegani mpaka yeye na mji wakawa rangi moja, ila mdomo wake. Kwenye video nzima kitu pekee chenye rangi ni ule mdomo, umefunguliwa mpaka koo linaonekana. Kampuni iliikataa, ikasema inatisha na inachafua, ikavunja mkataba, nao waliinakili kwenye kanda moja moja na kuzigawa kambini, sokoni na kwenye meli za pwani, na mama yake alipooneshwa hemani aliitazama hadi mwisho, akaomba irudishwe mwanzo, akampa binti yake popoo.

Baada ya hapo Levina alijitengenezea video zake zote, na hata mwaka 2008 kampuni iliporudi kwa maneno matamu, ikiomba sauti yake lakini msichana wa miaka ishirini ndiye aonekane akichezesha midomo, aliwapikia chakula, akawasindikiza hadi kwenye gari, na mwezi uliofuata akatoa video amekaa kwenye kiti cha plastiki, mvi nje, miwani puani, anamenya ndizi huku akiunguruma kuliko vijana wote wa visiwa hivi. Msichana yule alikuja baadaye kujifunza kwake, naye ameimba hapa asubuhi.

Sasa nafika mahali nilipoombwa niparuke. Mwezi Agosti 2019 Levina aliona kidonda ndani ya shavu la kushoto, akakiita cha chokaa, akakaa nacho kwa ubishi wake mpaka mwanawe Lote alipomburuta kwenda hospitali, ikaonekana ni saratani ya kinywa, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba ni tambuu. Ndiyo, tambuu ndiyo iliyomuua, ile ile aliyoipigania, na kuna watu, wengine wameketi hapa na Biblia mkononi, walioanza kusema mdomo uliponza kichwa, wakisema kwa sauti ya kutosha asikie. Alisikia. Aliwaambia wasichana wa sokoni waache kutafuna, aliwaambia mmoja mmoja na kuwaonesha kidonda, lakini wale wa mdomo-uliponza-kichwa aliwajibu hivi, "Tambuu imenidhuru, nakubali. Lakini poda haikunisaidia."

Mwezi Februari 2020 alifanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa ya bara, wakaondoa taya la kushoto na nusu ya meno, uso ukaingia ndani upande mmoja, na watu waliompenda walimshonea vitambaa vizuri vya kujifunika, vya maua na vya hariri, naye alivipokea vyote, akashukuru, akavifanya mapazia. Mwaka 2021 alimwita Lote, akamwambia washa simu, karibu, karibu zaidi, akaimba wimbo wake wa mwisho, "Huu Hapa", mwanzo hadi mwisho bila kukata, uso wake umejaza kioo kizima, mate yanamtoka, maneno mengine hayasikiki vizuri na mengine yanasikika kuliko yalivyowahi kusikika. Televisheni ilikubali kuuonyesha kwa sharti uso ufifishwe, akasema basi, usionyeshwe, nao ukatembea wenyewe simu kwa simu, na yuko mama mmoja wa Kavieng ambaye tangu alipopasuliwa kama yeye hakuwa ametoka nje ya nyumba yake, amekuja na boti, ameketi mstari wa tatu, hana kitambaa.

Ugonjwa ulirudi mwezi Januari mwaka huu, na siku nguvu zilipokuwa zikimwishia alimwita mumewe, mbele ya mjomba wetu Mzee ToVarmari ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akasema polepole, kila neno akilitafuta, "Wamenipaka na kunifunika maisha yangu yote. Mkinifunika na ninyi, mtakuwa mmewamalizia kazi yao." Levina alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Juni 2022, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Isimel, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Mjomba alitaka afunikwe, nalisema hili kwa idhini yake, hakutaka kwa aibu, alitaka kwa mapenzi, akisema watoto wataogopa na wageni watapiga picha, na siku nne nzima tumebishana hadi sauti zikatukauka. Leo asubuhi, tulipokuwa tunajiandaa kumtoa, aliingia peke yake kwa fimbo yake, akaushika kitambaa kilichokuwa usoni mwa Levina, akakitoa, akakikunja vizuri, akatoka nacho akilia waziwazi mbele ya vijana.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumweleza ukweli, majirani waliochota maji na kuchoma taro usiku na mchana, wafanyakazi wenzake wa zamani wa dukani, wanabendi wa Guria waliozeeka naye bila kumwacha, na Isimel, ambaye hakuwahi kumwomba awe mtu mwingine. Tunaishukuru na kampuni kwa maua, maua yamepokelewa, ila picha yenu iko jikoni, inakinga kuni zisilowe, mtaichukua mkiondoka.

Sasa simameni mpite, wanaotoka mbali watangulie, watoto washikwe mikono wapite nao, na kila anayefika pale mbele amtazame usoni kama yeye alivyotutazama. Mama mkubwa, lala kwa amani ya mtu aliyelala na uso wake mwenyewe, udongo wa Matupit peke yake ndio tulioupa ruhusa kuufunika.