Mhariri Aliyepima Kurasa kwa Rula

Ndugu yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa karani wa posta na mshona nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974.

Mei 1976 aliajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, na mwaka 1993 akawa mhariri wa habari. Kila uchaguzi alipima kwa rula nafasi ya kila mgombea ukurasani, asipendelewe yeyote. Vijana wa chumba cha habari walimwita Mzee Rula.

"Mzee, picha ya huyu imezidi nusu inchi. Tumkate wapi?"

"Mkateni miguu. Kura anaomba kwa mdomo."

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa Juni 2014, gazeti lilitoa tahariri ukurasa wa kwanza ikiwataka wasomaji wampigie kura mgombea mmoja. Tahariri haiwekwi jina la mwandishi, hivyo mtaa mzima ulimbebesha yeye lawama. Mdogo wake, fundi seremala aliyempigia kampeni mgombea mwingine, alimtupia gazeti mezani.

"Kaka, kumbe rula ilikuwa danganya toto! Mmeshanunuliwa nyie."

Marehemu alilikunja gazeti tu. Hawakusemezana tena.

Alistaafu mwaka 2017. Agosti 2021 figo zilianza kumsumbua, na miezi mitatu ya mwisho aliimaliza wodini. Mdogo wake alituma machungwa, mwenyewe hakufika. Mkewe alimsihi marehemu: "Si umwambie tu ukweli, baba watoto?"

"Wahariri tulikubaliana kikaoni hakuna atakayesema nani aliikubali tahariri ile na nani aliikataa. Nikishaondoka, semeni. Tena hadharani, maana nililaumiwa hadharani."

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, saa tisa alasiri.

Kwa ruhusa yake, familia inasema: siku ya kikao kile wahariri watano waliikubali tahariri. Wawili waliikataa. Yeye alikuwa mmoja wa hao wawili.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na mdogo wake wa kiume, ambaye asubuhi hii amelibeba jeneza bila kulijua hili.

Kaka yetu, Mungu akupe pumziko la amani.