Mzee Chomoa na Chaja Aliyoikata kwa Mkono Wake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, hospitali yetu itamuaga fundi mkuu wa umeme, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika karakana iliyo nyuma ya jengo la kufulia. Jina lake rasmi linafahamika na ofisi ya utawala. Sisi wengine, kuanzia muuguzi mkuu hadi walinzi wa getini, tunamjua kwa jina moja tu: Mzee Chomoa.

Alianza kama kibarua wa kubeba ngazi. Akasomea ufundi huku akifanya kazi, akapanda cheo hadi akawa mkuu wa karakana. Ndiye aliyesimamia kubadilishwa kwa nyaya za wodi zote, na wakati wote wa kazi hiyo mashine za watoto njiti hazikuzimika hata mara moja. Ndiye pia aliyelifufua jenereta ambalo wataalamu walikuwa wamelifanyia matanga. Hayo yameandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa, kwa hiyo sitayarudia.

Jina la Chomoa lilikuja baada ya chaja feki ya simu kuwasha moto kwenye stoo ya mashuka. Hakuna aliyeumia, lakini aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile akawa anapita wodini na koleo mfukoni, na chaja yoyote isiyo na maandishi ya kueleweka aliichomoa, akaikata waya palepale ili isirudi kazini, kisha akaitupa kwenye ndoo ya karakana tuliyoiita Makaburini. Birika langu la umeme limezikwa humo. Nilimnunia wiki nzima, naye akanisalimia kila asubuhi kana kwamba sina neno.

Kuhusu nyaya zilizoungwa kwa tepu, usiseme. Alizichukia kuliko mshahara kuchelewa. Kila fundi mpya alipokelewa na hotuba ile ile: waya uliokatika ni maiti, na maiti haifungwi bandeji.

Lakini ukiniuliza ni siku gani nilimjua vizuri mtu huyu, sitataja jenereta. Nitataja siku ya tableti.

Kulikuwa na mama mmoja katika wodi ya upasuaji, fundi cherehani wa siku nyingi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti na mkono wa kulia, na wa kushoto ulitetemeka kiasi kwamba kalamu iliacha michoro tu. Alizungumza kwa tableti yenye vitufe vikubwa vya herufi na picha: anagusa kwa kidole, tableti inatamka. Binti yake ndiye aliyemfundisha kuitumia. Kwa mama yule, kile hakikuwa chombo cha kuchezea. Ndiyo ilikuwa sauti yake.

Sasa mguu wake ulikuwa umeoza kwa kisukari, na sumu ilikuwa inapanda. Daktari wa upasuaji alisema ukatwe siku hiyo hiyo. Kaka mkubwa, mtoto wake wa kwanza, alitaka akubali haraka. Binti alilia kwamba mama hatataka kuishi bila mguu. Daktari alimuuliza mama mwenyewe, naye mama akatikisa kichwa. Kaka aliona amekubali, binti aliona amekataa, na wote wawili walikuwa wamekazana kumtazama mtu yule yule. Wakaikimbilia tableti, wakakuta chaji imebaki kidogo mno na chaja haipo.

Hapo ndipo karakana ilipoitwa, nami nikafuatana na Mzee kama msaidizi wake. Tulimkuta mama kwenye kitanda cha dirishani, na wodi nzima imegeuka duka la chaja. Ya muuguzi ilichomekwa: alama ya umeme ikaonekana kwenye kioo, ikakaa kidogo, ikapotea. Ya kaka, vilevile. Ya kompyuta ya famasia haikuonyesha hata alama. Mzee Chomoa alisafisha tundu la kuchajia kwa kijiti cha meno, akatoa nyuzi za blanketi, akajaribu tena. Akabadilisha waya, akabadilisha soketi. Akaizima tableti kabisa, kwa kuwa ikizimwa huweza kupokea hata umeme mdogo. Tulisubiri, tukaiwasha, na chaji ilikuwa imepungua badala ya kuongezeka. Alitueleza kwamba tableti nyingine ni kama mtoto wa kambo anayekataa chakula cha mama mpya: kama haijaitambua chaja, haipokei kitu. Tulijaribu pia kuihamishia programu ile kwenye simu, ikadai neno la siri ambalo mama peke yake alilijua, na vitufe vya simu vilikuwa vidogo mno kwa kidole chake.

Kisha kioo kikawa cheusi.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na napenda hilo lieleweke. Alisema kwa upole kwamba kila dakika sumu inapanda, na kwamba mtoto mkubwa anaruhusiwa kutia sahihi kwa niaba ya mzazi. Kaka alikuwa tayari ameshika kalamu. Binti alikuwa amegeukia ukuta. Mzee Chomoa, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, alisimama kati ya kalamu na kitanda.

"Mwenye mguu yupo, daktari. Tumsubiri yeye."

Daktari akasema kuna mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Akitoka huyo, mama ataingia, na lazima wawe na jibu: maneno ya mama yasiyobishaniwa, au sahihi ya kaka. Huo ndio muda tuliopewa.

Wakati wote huo mama alikuwa ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Muuguzi alileta maji, akayakataa. Kaka alidhani anataka mafundi watoke, akatuomba tusogee. Binti alidhani anashukuru, akatushukuru kwa niaba yake. Mama akaanza kupiga ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka, kidole bado kimenyooka. Mimi nilifikiri sumu imeshafika kichwani, nami ninaona aibu kuliandika hilo.

Mzee Chomoa alikuwa ameinama kwenye soketi. Aliinuka, akafuata kile kidole kilikoelekea, na kikaishia kwenye mfuko wa shati lake, pale koleo lilipochungulia. Akasogea hatua mbili kushoto. Kidole kikamfuata.

Mzee alimuuliza muuguzi mama huyu alilala wapi jana. Muuguzi akasema alikuwa kitanda cha mlangoni, amehamishwa asubuhi. Mzee akapiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Mama, chaja yako niliichukua mimi?"

Kichwa kilishuka mara moja, taratibu, na safari hii hakuna aliyebishana juu ya maana yake.

Angeweza kusema anakwenda kutafuta chaja nyingine mjini, akatoka zake, na nani angejua? Badala yake aligeuka akawaambia watoto wale, mbele ya wodi nzima, kwamba chaja haikuibwa, aliichomoa yeye jana mama akiwa usingizini, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutika, na kwamba ameikata. Binti, ambaye tangu asubuhi alikuwa anamshuku mama wa kitanda jirani, alikaa chini. Kaka alisema maneno ambayo sitayaandika kwenye jarida la wafanyakazi. Mzee aliyapokea yote, kisha akaniambia tukimbie.

Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Tuliimwaga ndoo ya Makaburini sakafuni, tukachambua. Chaja ilikuwa chini kabisa, ya aina ya zamani ambayo waya wake hauchomoki kwenye kichwa, na alikuwa ameukata karibu na kichwa hicho, kwa ustadi wake wote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nyembamba kama za kushonea, na rangi zake zilikuwa zimefifia hata nyekundu inafanana na kahawia. Akikosea uzi mmoja, angeiunguza tableti, na sauti ya mama ingepotea kabisa.

Simu ya karakana ililia. Muuguzi alisema mgonjwa wa kwanza anashonwa.

Nilimmulikia tochi, naye akapima uzi baada ya uzi. Jasho lilidondoka mezani, akalifuta kwa kiwiko, akaanza upya kupima uzi ambao alishaupima. Nilimsihi aharakishe, akaendelea kupima. Alichomelea kila uzi kwa risasi iliyoyeyushwa, akautenga na mwenzake, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama na kuniomba kitu ambacho nilikuwa nimekatazwa kukitaja ndani ya karakana ile. Nilimpa tepu. Alifunga bandeji maiti wake, tukarudi wodini mbio.

Machela ilikuwa tayari kando ya kitanda. Mzee alichomeka. Alama ya umeme ikatokea, na wote tukaikodolea macho tukingoja ipotee. Haikupotea. Aliushika muungano ule kwa vidole viwili ili ahisi kama unapata moto, na hakuuachia hadi mwisho.

Tableti ilipowaka, daktari aliuliza swali lake upya. Kidole cha mama kilichukua muda mrefu kuzunguka vile vitufe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha ile sauti ya mashine isiyo na furaha wala huzuni ikatamka:

"Kateni. Nina wajukuu wa kuwalea. Sina mpira wa kucheza."

Binti alicheka huku analia. Kaka aliweka kalamu chini. Mama aligusa vitufe tena, akatazama koleo, na sauti ile ile ikamwambia fundi wetu: "Siku nyingine uliza kwanza."

Upasuaji ulikwenda salama, na mama alirudi kwa wajukuu wake akiwa na mguu mmoja na chaja mpya. Mzee hakuacha kuzunguka wodini, wala hakuanza kuzipenda chaja feki. Ila kuanzia siku ile, kabla ya kuchomoa kitu, alisimama kando ya kitanda na kusubiri jibu, hata la mtu aliyehitaji muda mrefu kulitoa. Vijana aliowafundisha wanafanya hivyo leo bila kujua desturi hiyo ilitoka wapi.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila taa iliyowaka, kwa kila moto ambao haukutokea, na kwa kusimama pale mbele ya kalamu. Katika kuandaa sherehe hii tulikuja kukuuliza kama uko tayari kuondoka. Uliangusha macho kwenye mikono yako, kisha ukasema, "Bado." Tumekusikia, Mzee. Sheria ya kustaafu ndiyo isiyosikia. Nenda na amani yetu, mkeo na wanao wakupokee vizuri, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na njema.