Mama Aliyeswaga Ng'ombe Hadi Ofisi ya Kata: Wasifu wa Teodora Ngosha Shimba (1957–2025)

Teodora alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Kahangara, Magu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngosha na Mama Sabina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Walimu walichoka na maswali yake, na nyumbani nako hawakupata nafuu.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo huko Nyakato. Langoni mwa kiwanda ndipo alipoonana na Alexander Shimba, kijana aliyeleta maziwa na kumpimia yeye kwa ukarimu kuliko wenzake. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakarudi Magu kufuga.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza ruzuku kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Afisa mifugo, Bwana Obedi, akapita nyumba kwa nyumba kuandika ng'ombe. Wazee wetu tunawajua: kumtajia mgeni idadi ya ng'ombe ni kuwaletea mkosi, na mgeni mwenye kalamu wanamdhania mtu wa kodi. Mzee Alexander alishawapeleka ng'ombe wake kwa kaka yake, kijiji cha pili, akajibu kwa macho makavu kwamba anao wawili tu. Majirani wakafanya vivyo hivyo. Basi kata nzima ikaonekana haina wafugaji, na ruzuku ikawa inapelekwa kwingine. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Teodora alipata habari hizo Jumatano, akakasirika kwelikweli. Alhamisi asubuhi aliwafuata ng'ombe wote, akawaswaga barabarani mchana kweupe.

"Unataka kunimaliza, mke wangu?" Mzee alilalamika nyuma yake, kofia ameishusha hadi machoni.

"Nataka tulipwe, Baba Yeremia. Wewe swaga."

Bwana Obedi alitoka ofisini akakuta uwanja umejaa mapembe.

"Shikamoo, mama. Hawa wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wetu. Tulikudanganya. Futa, uandike upya."

Waliompita njiani wakimcheka walirudi kufuata ng'ombe wao. Hadi jioni uwanja ulikuwa hautoshi, na Bwana Obedi aliuliza na kuandika mpaka sauti ikamkauka. Kata ikarudishwa kwenye orodha ya ruzuku. Mwezi Machi 2023 malipo ya kwanza yaliingia, na mwaka huohuo tukapata tangi la kupozea maziwa. Mama huyu alishangiliwa kama bibi harusi, naye aliona raha, hakujifanya kukataa.

Kisukari kilianza kumsumbua mwishoni mwa 2023. Alitibiwa Magu, kisha Mwanza mjini, na kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kwanza kama ruzuku imeingia. Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2025 alfajiri, mikononi mwa binti yake Dorcas. Tumeumia, ila hatumziki kwa unyonge.

Ameacha mume, watoto wanne, Yeremia, Dorcas, Getruda na Chenge, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Mzee Alexander ameagiza pia jambo moja lisomwe mbele ya wageni wote, bila kunong'ona: Teodora ameacha ng'ombe ishirini na saba.

Mungu aliyemtumaini ampokee, na amani yake imfunike.